Nani Alilishika Trekta Hili Kabla Yako?

Leo naomba nikutoe kidogo kwenye matrekta uliyoyazoea. Ukimtajia trekta mtu wa Mbarali au wa Uasin Gishu, anaona Massey Ferguson la dizeli, moshi unapanda, na utingo kakalia madigadi. Trekta hilo halina plagi. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, kwa hiyo likikataa asubuhi fundi hukimbilia betri, halafu upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta, na mara nyingi anamkuta mwizi wake hapo hapo.

Nataka tuzungumzie ukoo mwingine: matrekta ya petroli yaliyolima Marekani na Uingereza kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950, ambayo mengi hayajastaafu mpaka leo. Hesabu yake si ndogo. Ford 8N peke yake, lililotengenezwa Marekani kati ya 1947 na 1952, lilipita nusu milioni. Ferguson TE20, lile dogo la kijivu lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, nalo lilipita nusu milioni. Na usidharau udogo wake: Ferguson za aina hiyo, zikiwa zimefungwa minyororo ya kutambaa juu ya theluji, ndizo zilizomfikisha mpanda milima Edmund Hillary kwenye Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958. Siku hizi ndugu zake wanakata nyasi kwenye vishamba, wanavuta tela la kuni, na baridi ikiisha, mwenye mali akija kuwaamsha, hawaamki.

Mtu ambaye angelielewa haraka trekta la namna hii hapa kwetu ni kijana wa bodaboda, kuliko hata dereva wa trekta. Plagi anaijua, koili anaijua, choki ameshaivuta asubuhi ya mvua, na kabureta ameshaifungua pembeni ya barabara abiria akimnunia. Tofauti ni ukubwa tu, na umri. Na umri huo ndio watu wanaoutupia lawama. Trekta limezeeka, wanasema, limechoka.

Mimi nalikataa hilo. Ninavyoona, kinacholizuia trekta kuukuu la petroli lisiwake, mara nyingi kuliko uzee, ni mikono ya watu waliolitengeneza mwaka jana, na mwaka juzi, na waliomtangulia huyo wa mwaka juzi. Chuma cha miaka sabini kiko imara. Kinachougua ni marekebisho.

Sikatai kwamba yapo yaliyozaliwa na tabu. Fordson la kwanza, lililoanza kutengenezwa mwaka 1917, lilikuwa linawashwa kwa hendeli, halina betri. Umeme wake ulitoka kwenye sumaku zilizofungwa kwenye gurudumu zito la injini, na mkono wa binadamu ukizungusha taratibu, cheche inatoka dhaifu. Halafu klachi yake iliogelea ndani ya mafuta; mafuta yakiwa mazito kwa baridi, yule aliyeshika hendeli alikuwa anazungusha injini pamoja na sehemu ya gia. Wako wakulima waliowasha moto chini ya trekta ili lilegee. Hilo lilikuwa kosa la kuzaliwa, na halina mjadala. Lakini 8N na TE20 hazikuzaliwa hivyo. Zilikuwa mashine za kuwaka, zimebuniwa kwa ajili ya mkulima asiyekuwa na fundi karibu.

Sasa twende kwenye injini yenyewe. Utasikia kila fundi akisema injini ya petroli inadai vitu vitatu: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche inayofika kwa wakati. Ni kweli. Wanachosahau ni kwamba vyote vitatu vinategemea cha nne, nacho ni mwendo wa stata. Stata ikizungusha kwa uvivu, hewa haipiti kwenye kabureta kwa kasi ya kunyanyua petroli. Na kwenye 8N kabureta imefungwa chini, petroli inapaswa kuvutwa ipande. Mgandamizo nao unavuja kandokando ya ringi kabla pistoni haijafika juu. Na betri ikikamuliwa na stata iliyolemewa, koili inabakiziwa umeme kiduchu. Hapo utapima cheche, uione ya njano na dhaifu, useme koili mbovu. Koili haina kosa.

Ndiyo maana mimi, kabla ya kugusa kabureta, kabla hata ya kufungua plagi, ningeanzia kwenye waya wa betri.

Ford 8N lilitoka kiwandani na umeme wa volti 6. Gari lako lina 12. Kwa kazi ile ile, ukipunguza volti kwa nusu unahitaji ampea mara mbili, na joto linalopotea ndani ya waya hukua kwa mraba wa ampea, yaani mara nne. Kiwanda kililijua hilo, kikaweka waya mnene kweli kweli. Miaka ikapita, waya ukachakaa, mwenye trekta akaenda duka la spea akanunua waya wa betri wa gari dogo. Ni mpya, kichwa chake kinang'aa, bei haiumi. Lakini ni mwembamba. Kwenye gari la volti 12 ungefanya kazi bila malalamiko, hapa unakaba. Mtu anaweka betri mpya, stata inalalamika vile vile. Ananunua stata. Inalalamika. Anashusha injini afanye oveholi, kwa sababu jirani kamwambia ringi zimekwisha.

Kipimo chake hakihitaji mita. Zungusha injini kwa sekunde kama kumi, uache, kisha shika waya kwa mkono, kituo kwa kituo: kwenye kichwa cha betri, kwenye swichi ya stata, kwenye stata yenyewe, halafu urudi upande wa pili, pale waya wa athi ulipofungwa kwenye bodi. Umeme unapopata shida kupita, huacha joto. Sehemu ambayo hutaki kuendelea kuishika ndiyo yenye ugonjwa. Na mara nyingi ajabu sehemu hiyo ni mwisho wa waya wa athi, kwa sababu trekta limepakwa rangi upya. Limekwanguliwa, limepigwa nyekundu na kijivu chake cha asili, linapendeza hata kwa maonyesho, na boti ya athi imekazwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Fungua boti ile, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, kaza tena. Stata iliyokuwa inapumua kwa tabu itashtuka.

Nimelitaja hilo la rangi kwa makusudi, maana ndilo linalonikera zaidi. Trekta linakaa miaka kumi bandani, kutu kila mahali, linawaka. Anatokea mpenzi wake, analipenda, analirembesha, haliwaki tena.

Stata ikishazunguka sawasawa ndipo tutafute cheche. Fungua plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze bodi yake kwenye chuma cha injini mbali na petroli, uzungushe. Au shikilia ncha ya waya karibu na chuma kwa koleo yenye mpira: cheche yenye afya huruka kama milimita sita hewani, ni ya bluu, na inasikika, tak, tak, tak. Kama hakuna kitu, kwenye trekta lililolala muda mrefu, mshukiwa wa kwanza ni pointi za distribyuta, vile vibapa viwili vidogo vinavyogusana na kuachana kila plagi inapotakiwa kuwaka. Vikikaa bila kazi vinaota utando mwembamba usioonekana, na utando huo unatosha kuzuia volti 6. Volti 12 pengine zingejipenyeza. 6 hazina ubavu huo.

Hapo ndipo watu hutoa faili au msasa wa nguvu, wakakwangua mpaka wakala chuma. Utando hauhitaji ugomvi wote huo. Chukua kadi ngumu isiyo na nakshi za kung'aa, hata ile kadi ya mchango wa harusi uliyoletewa wiki iliyopita, ikate ukanda, uupitishe katikati ya pointi zikiwa zimefumba, uvute. Utatoka na mstari mweusi. Rudia mpaka utoke msafi. Na hata pointi mpya za dukani zipitishe kadi, kwa sababu huja na mafuta ya kinga, na vidole vyako navyo vina grisi.

Kwenye 8N za mwanzo kazi hii ina kero yake. Distribyuta iko mbele ya injini, chini, nyuma ya feni, na hakuna mkono unaoingia pale ukafanya kazi ya adabu. Wenye busara hufungua boti mbili, wakaitoa nzima, wakakaa nayo mezani kwenye mwanga. Haiwezi kurudi vibaya, maana kipande chake cha kuungia kimewekwa pembeni kidogo na kinaingia upande mmoja tu. Waliobuni kitu kile walimfikiria mkulima. Mwaka 1950 Ford waliihamishia ubavuni, na hapo pakazaliwa mtego mwingine: zile za mbele pointi zinafunguka kwa inchi 0.015, kama milimita 0.4, na zile za ubavuni kwa inchi 0.025, zaidi ya milimita 0.6. Ukisoma kitabu cha kaka ukamtengeneza mdogo, cheche inakuja kwa wakati usio wake.

Mtego wa namna hiyo hiyo uko kwenye waya za plagi. Ford hizi zinachoma kwa mpangilio wa 1-2-4-3. Ferguson TE20, ambayo ni ndugu wa damu kwa muundo, inachoma kwa 1-3-4-2. Fundi mwenye mazoea ya magari atafunga 1-3-4-2 kwenye Ford bila hata kufikiri, injini itapiga chafya kwenye kabureta, itapiga bunduki kwenye ekzosi, haitawaka, na atasema taimingi imeruka.

Undugu huo wa Ford na Ferguson una kisa chake. Harry Ferguson, Mwairish wa kaskazini, alipeana mkono na Henry Ford mwaka 1938, bila mkataba wa maandishi, watengeneze trekta lenye mfumo wake wa haidroliki. Mwaka 1939 likatoka Ford 9N. Vita ya Pili ya Dunia ilipochacha, shaba na mpira vikawa adimu, wakatoa 2N, na baadhi ya hizo zikauzwa na magurudumu ya chuma, bila betri wala stata, kwa hendeli na magneto, yaani kifaa kinachotoa cheche kwa sumaku. Baada ya vita mkono ule ukaachana, Ford wakatoa 8N bila Ferguson, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1952 Ferguson akalipwa dola milioni 9.25. Wenye kukarabati leo wanalipa gharama ndogo ya talaka ile: spea nyingi zinafanana kwa sura na haziingiliani.

Tuje kwenye petroli. Hapa nitakuwa mfupi kuliko watu wanavyotarajia, maana kabureta inasingiziwa mno. Petroli huzeeka. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto kirahisi injini ikiwa baridi, huruka kwanza. Kinachobaki kinageuka gundi ndani ya jeti. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli, ambayo Marekani imeenea karibu kila kituo, na ambayo Uingereza aina yake ya asilimia kumi ya ethanoli ilianza kuuzwa kama ya kawaida mwaka 2021, inavuta maji kutoka hewani na haipatani na baadhi ya mipira ya zamani. Kwa hiyo trekta linalolala miezi liachwe na tanki lenye petroli mpya, au kabureta ikaushwe kabla ya kulala.

Kwenye 8N hakuna pampu ya mafuta. Tanki liko juu, kabureta iko chini, petroli inashuka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo kuipima njia hiyo ni rahisi: kuna boti chini ya kabureta. Weka kopo, fungua, utazame. Ikitoka kama uzi mnene usiokatika na ikaendelea hivyo hivyo kwa dakika nzima au mbili, njia ya mafuta haina kesi. Ikianza kwa nguvu halafu ikafifia kuwa matone, rudi nyuma: kuna vichujio vitatu njiani, cha ndani ya tanki, cha kwenye kikombe cha kioo, na kingine kidogo kwenye kiungio cha kuingilia kabureta ambacho wamiliki wengi hawajui kama kipo. Kazi hii ifanyike injini ikiwa baridi, na sigara ibaki kwa jirani.

Na choki ivutwe kwa akili. Vuta, zungusha mara kadhaa, ikitaka kushika iachie. Ukiendelea kuvuta kwa hasira petroli itadondoka chini ya kabureta, ambayo ndiyo kazi ya kabureta ya aina ile, afadhali idondoke kuliko ijae silinda, lakini plagi zitakuwa zimeshalowa. Hapo hata fundi bingwa anakwenda kunywa chai.

Liko tatizo moja ambalo napenda namna linavyochekesha. Trekta linawaka vizuri, linafanya kazi dakika ishirini, linakatika. Ukisubiri, linawaka tena. Dakika ishirini, linakatika. Watu wamebadilisha kabureta kwa ajili ya hili. Washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni koili inayokufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Wa pili ni mfuniko wa tanki, ambao una kitundu cha kupitishia hewa. Kikizibwa na vumbi, au na rangi mpya, petroli inashuka mpaka utupu ndani ya tanki unaizuia isishuke zaidi. Namna ya kuwatenganisha ni kuwa tayari. Siku likikatika, usiende kokote: fungua mfuniko hapo hapo uweke sikio. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, fyuuu, umemaliza. Usiposikia kitu, pima cheche wakati huo huo koili ikiwa ya moto. Ukienda kula kwanza ukarudi, ushahidi umeshapoa.

Uingereza walikuwa na shida ya ziada, na hii itamgusa kila aliyekua na koroboi. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko petroli, kwa hiyo matrekta mengi, pamoja na Ferguson ya aina ya TED20 iliyoanza mwaka 1949, yaliundwa yatumie mafuta ya jamii ya taa yaliyotengenezwa mahsusi kwa matrekta. Mafuta hayo hayawashi injini baridi. Mkulima alikuwa na tanki dogo la petroli la kuanzia. Injini ikishapata moto anageuza koki, anaendelea na mafuta ya taa. Jioni, kabla ya kuzima, alitakiwa arudi kwenye petroli dakika chache ili kabureta ijae petroli kwa ajili ya kesho. Mvua ikimkuta, au chakula kikimwita, akizima na mafuta ya taa ndani ya kabureta, kesho yake atazungusha hendeli mpaka jasho limtoke. Dawa yake ni kumwaga kabureta, basi. Ila mafuta ya taa yasiyoungua yalikuwa yanateremka pia kwenye oili ya injini na kuifanya maji maji, na oili ya namna hiyo inakula ringi. Kwa hiyo ukikuta TED20 yenye mgandamizo hafifu, hapo nakubali: ule ni uchakavu wa kweli, na umetokana na tabia ya aliyeliendesha mwaka 1953.

Yapo pia yale ya magneto, kama Farmall H na M za kuanzia mwaka 1939. Hapa tumia sikio. Ukilizungusha taratibu kwa hendeli unapaswa kusikia kishindo kidogo cha chuma, kla, kwenye magneto. Ndani kuna springi inayoshikilia sumaku kidogo halafu inairusha ghafla, ili hata mkono mchovu upate cheche kali, na iliyochelewa kidogo isirudishe hendeli nyuma. Ukimya pale maana yake grisi ya zamani imegandisha vidole vya springi. Kuoshwa kunatosha, lakini mpaka vioshwe usizungushe hendeli kwa ubabe, kwa sababu cheche inayowahi inavunja mkono. Na hata magneto ikiwa nzima, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, na uvute kwenda juu. Usikandamize kwenda chini.

Hapo tumegusa usalama, na kuna jambo moja nisilotaka ulisahau hata ukisahau mengine yote. Watu wakichoshwa na swichi huchukua bisibisi, wakasimama chini ubavuni mwa trekta, wakashotisha stata moja kwa moja. Stata inazunguka, kweli. Lakini 8N ina kitufe cha stata kilichowekwa kwenye sanduku la gia, na hakibonyezeki gia ikiwa imeingia. Ferguson wao wakaenda mbali zaidi: unawasha kwa kusukuma mkono wa gia wenyewe mpaka kwenye herufi S, kwa hiyo haiwezekani kuwasha ukiwa kwenye gia. Bisibisi inaruka kinga zote hizo. Gia ikiwa imeingia, injini inashika, tairi la nyuma linaanza kuzunguka, na wewe umesimama mbele yake. Wakulima wamekufa hivyo Marekani, mwaka baada ya mwaka, na wengi walikuwa wazoefu. Swichi ikifa, nunua swichi.

Nimeliacha la mwisho lile linalopendwa kuliko yote: kuligeuza trekta la volti 6 kuwa la volti 12. Kwa nini mtu asifanye hivyo? Betri ya 12 inapatikana kila duka, taa zinawaka vizuri, stata ya zamani ikipewa 12 inazunguka kwa hasira na watazamaji wanapiga makofi. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Ugomvi wangu ni jinsi linavyotekelezwa Jumamosi alasiri.

Kwanza, 8N kwa asili imefunga chanya kwenye bodi. Mwenye kugeuza huweka hasi kwenye bodi, akasahau kugeuza waya mbili za koili. Injini inawaka, ila cheche sasa inalazimika kuruka kinyume, kutoka kwenye bodi ya plagi yenye ubaridi kwenda kwenye ncha ya katikati yenye moto, na hiyo ni safari ngumu zaidi. Siku ya joto hutaona tofauti. Asubuhi ya baridi utaiona. Pili, koili ya volti 6 inahitaji rezista ya kupunguza umeme. Asipoifunga, au akiitoa ile ya kiwandani kwa kuiona haina kazi, koili inachemka mpaka lami itoke, na pointi zinaungua. Tatu, jirani mwenye nia njema anakuja kubusti, anaunganisha hasi kwa bodi kama alivyozoea kwenye gari lake, bila kuuliza trekta hili bado liko kwenye mfumo gani.

Halafu kuna altaneta. Jenereta ya zamani inatolewa, inafungwa altaneta ya gari, ambayo ina waya mwembamba wa kuiamsha, na waya huo unaungwa kwenye swichi ya kuwashia pamoja na koili. Mkulima anamaliza kazi, anazima swichi, trekta linaendelea kunguruma. Altaneta inarudisha umeme kwenye koili kupitia waya ule ule, kama vile swichi haipo. Diodi moja ya bei ndogo kwenye waya huo ingekata kurudi nyuma huko, au hata taa ndogo ya dashibodi. Asiyeijua anatafuta njia yake: anavuta choki mpaka mwisho, injini inazama kwenye petroli, inakufa. Anafurahi, anashuka, anafunga banda. Asubuhi plagi zote nne zimelowa, trekta haliwaki, na mwenye mali yuko kwenye simu anauliza bei ya kabureta mpya.